Barua Atakazozitafuta

Miaka ile kila sanduku la barua pepe lilitia utepe mwekundu kwenye barua ambayo mwenyewe angekuja kuitafuta baadaye, moyo ukimuuma. Halikuwahi kukosea. Mama yake Nakijwa aliandika, "Tumefika salama," na utepe ukatokea. Wiki ileile walimzika.

Asubuhi moja mumewe akamwandikia kutoka sokoni: "Nichukue nyanya ngapi?" Utepe ukawaka.

Nakijwa akampigia simu. "Achana na nyanya, Baba Eliamini. Rudi nyumbani sasa hivi!"

"Kuna nini tena, mke wangu?"

Akarudi mzima, akicheka, akaingia jikoni kuosha nyanya zake. Nakijwa akashusha pumzi, akafungua sanduku. Barua zote za mumewe, hata za enzi za uchumba, zilikuwa zikitiwa utepe, moja baada ya nyingine.