Kafuri ya Mtu Mmoja

Mwanashaha alikuwa dukani akipima mdalasini pale mfanyabiashara mgeni alipomwekea mbele fundo dogo la hariri. Lilinukia kafuri, ile wanayotiwa maiti ndani ya sanda.

"Sikuagiza kafuri, bwana."

"Umeletewa, mama. Kule bandarini kwetu, safari ya miezi saba, kuna mtu alinilipa nikufikishie. Alisema inamtosha mtu mmoja."

"Mtu gani?"

"Mwanamume mrefu, ana kovu la moto shingoni. Akicheka huziba mdomo kwa kiganja."

Mwanashaha aliweka mizani chini. Huyo alikuwa mumewe, Shekuwe, ambaye tangu azaliwe hajapanda chombo cha bahari, na saa ile alikuwa chumba cha nyuma akishona magunia ya pilipili manga.

"Alisema nini tena?"

"Kwamba usimwoneshe mumeo."

Mgeni akaaga, akaenda zake. Mwanashaha alilificha fundo ndani ya shuka lake, lakini harufu ilikuwa imeshaenea nyumba nzima.

"Mke wangu," Shekuwe aliita kutoka nyuma, kwa furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. "Nasikia harufu ya bandarini kwetu."

Pazia la mlango likasogea taratibu. Mkono wake ulitangulia kutoka, kiganja wazi, kama wa mtu anayepokea kilicho chake.