Jozi Iliyobaki Getini

Wapagazi wa mji ule hawakupanda mlima kabla ya kutundika kandambili zao kwenye kibanda cha getini, kila jozi na msumari wake, ncha zikitazama nyumbani. Aliyeshuka alivaa zake akaenda kwake.

Siku hiyo walishuka kumi na mmoja. Jozi moja ikabaki.

Kiongozi wao, Elinami, aliitungua akamkabidhi Aikande, mke wa Kirita, aliyekuwa akisubiri pale tangu asubuhi.

“Theluji ilituzidi, shemeji. Tulimtafuta siku mbili.”

“Mgeni mliyembebea mizigo alifika kileleni?”

“Alifika.”

Aikande hakulia. Alizigeuza kandambili, akaona mkanda mmoja umechomoka. Kirita alikuwa amemwomba amtengenezee kabla ya safari, naye akasahau. Akaketi chini, akakata kipande cha waya kwenye uzio, akaukaza ule mkanda mpaka ukashika.

“Sasa nenda nazo nyumbani, shemeji,” Elinami alisema kwa upole.

Aikande akainuka, akazitundika kwenye msumari uleule. Safari hii ncha alizielekeza juu mlimani, kwenye ukungu.