Kifundo Kisichovuja

“Matone arobaini ya sukari, Mama Kunde, na sishuki hata tone moja,” alisema Bakteria, aliyeishi ndani ya kifundo cha mzizi akimpikia Kunde mbolea ya naitrojeni.

“Jongoo amekagua,” Kunde akajibu. “Vifundo vingine vyote vinatoa haidrojeni. Chako hakitoi kitu, kwa hiyo hufanyi kazi. Nitakupa kumi.”

“Nimeweka vipapasio mlangoni kwake tangu asubuhi,” Jongoo akadakia. “Havijapepewa hata kidogo.”

Bakteria hakumbembeleza mtu. Alizima mtambo wake mdogo, haidrojeni ikafoka mlangoni na kumpindua Jongoo miguu juu.

“Hiyo ndiyo kazi mnayoisifu,” alisema. “Ni sukari yako, Mama, inakwenda bure. Kila nikipika mbolea haidrojeni hutoka. Wenzangu wanaiachia. Mimi naichoma kwenye mtambo, nguvu yake inarudi jikoni. Haidrojeni ikija nawasha, ikiisha nazima, maana mtambo nao unakula sukari.”

Kunde alitazama majani yake. Yaliyokolea kijani yalikuwa ya upande wa Bakteria tu.

“Kumbe,” alisema. “Basi chukua ishirini na tano.”

“Arobaini. Lete.”