Daktari Asiyelazimisha

Nyanjige alitema mate mchangani, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akauliza tena.

"Kuna daktari wa watoto hapa Bariadi, asiyelazimisha sindano. Anapatikana wapi?"

Nesi wa zahanati ya serikali alimshusha mtoto aliyekuwa kwenye mzani, akamkabidhi mama yake, kisha akageuka taratibu, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Umetoka wapi, mayu?"

"Sola."

"Kote huko hukuona zahanati? Umefunga safari mpaka huku kutafuta mtu wa kukuunga mkono umnyime mtoto chanjo?"

Foleni nzima iligeuka kumtazama. Nesi akamsema. Alimwita mjinga, akamwita muuaji, akasema wanawake wa namna yake ndio wanaojaza wodi kila surua inapoingia. Nyanjige alisimama akiyapokea yote, mikono kaishika tumboni. Neno muuaji lilipotamkwa aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nesi alipochoka, Nyanjige alimwambia, "Ahsante, dada," akatoka.

Hakuwa mgeni wa maneno hayo. Alikuwa akimtafuta daktari huyo tangu pamba ilipopaliliwa. Kule Maswa watu waliambiana pembeni kabla ya kumjibu kwamba amehamia Lamadi. Lamadi, chumba alichoelekezwa alikuta kinauzwa mitumba, na mwenye mitumba alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Hakumlaumu.

Nje ya zahanati mama mmoja kijana alimkimbilia, mtoto mgongoni, akamwamkia.

"Mwangaluka, mayu. Naitwa Lukresia. Huyo unayemtafuta yupo nyuma ya kiwanda cha pamba. Hata mimi moyo unasitasita na hizi sindano. Twende wote."

Njiani Lukresia alizungumza kwa wawili. Mama mkwe wake kasema sindano zinaua uzazi wa mabinti. Lakini siku hizi, alisema, watu binafsi wameruhusiwa kufungua hospitali zao, mtu unachagua, hulazimiki kutukanwa na manesi.

"Ee," Nyanjige alisema. Kisha akauliza, "Wako ana umri gani?"

"Anaingia mwezi wa tisa. Walitaka wamchome ya surua leo hii."

Nyanjige akaongeza mwendo mpaka mwenzake akawa anahema.

Nyumba ilinuka rangi mbichi. Kibao kilisema Daktari Constantine, Bingwa wa Watoto. Akina mama wanne walikuwa kwenye benchi na watoto wao, na ukutani walibandikwa watoto wanene wa Kizungu waliokatwa kwenye kalenda. Chini yao zilipangwa chupa za dawa nyekundu, nzi wakitembea kwenye vifuniko.

Zamu ya Nyanjige ilipofika, daktari alikuwa anachokonoa meno. Alikikagua kijiti cha kuchokonolea, akakifutia kwenye koti jeupe, akamwekea mkono ule ule begani. Alinuka marashi na samaki. Nyanjige alihisi kama konokono amempanda.

"Karibu, mama. Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha Sola."

"Wa kike?"

"Wa kike. Kwandu."

"Umri?"

"Mwaka na nusu."

"Anasumbua usiku?"

"Hasumbui."

"Amechomwa sindano yoyote?"

"Hata moja."

"Hongera." Daktari aliketi, akatabasamu kwa meno yote. "Wewe ni mama anayefikiri. Hao wengine wanawapeleka watoto wa watu kama ng'ombe joshoni. Mimi namheshimu mzazi. Mtoto ni wako, uamuzi ni wako, hapa hakuna wa kukufokea. Mungu amempa mtoto kinga yake mwenyewe. Kazi yetu ni kuiongezea nguvu tu." Akanyoosha mkono kwenye chupa. "Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Surua itapita mlangoni kwako bila kubisha hodi."

"Hata surua?"

"Hata surua."

Nyanjige aliitazama ile dawa nyekundu ikijipaka ndani ya chupa. Mate yalimjaa kinywani tena. Safari hii aliyameza.

"Daktari," alisema, "nimekuja na mwenzangu, yuko hapo nje. Naye ana mtoto wa kike, ana wasiwasi. Ungeyarudia hayo asikie kwa masikio yake."

Daktari hakuhitaji kubembelezwa. Alifungua mlango, akasimama mbele ya benchi na chupa mkononi, akayarudia yote: uamuzi wa mzazi, ng'ombe na josho, kijiko asubuhi na jioni. Alipofika kwenye surua alimwekea mtoto wa Lukresia kiganja kichwani. Akina mama waliitikia kwa vichwa. Mmoja alikwisha kusogea mbele kuifikia chupa. Lukresia alimtazama Nyanjige, macho yakimshukuru.

"Umeridhika sasa, mama?" daktari aliuliza. "Au una swali?"

"Sina swali. Nilitaka wakusikie wengi, maana mimi nilikusikia peke yangu."

Nyanjige aliutoa ule mkono kichwani kwa mtoto, akawageukia wale wanawake.

"Mwaka juzi kule Maswa aliniambia maneno haya haya, nikanunua chupa, nikamnywesha mwanangu asubuhi na jioni. Wiki tuliyomzika Kwandu kwa surua, chupa ilikuwa bado ina kijiko kimoja."