Mtoto Aliyezungushwa Nyumba kwa Nyumba

Chanjo ya watoto wachanga ilikusudiwa kuzuia ugonjwa mmoja tu, lakini siku hizo kila aliyempakata mtoto aliyechanjwa alipona ugonjwa wake: huyu pumu, yule homa zisizokwisha. Ndipo desturi ya arobaini, ya mama na mtoto kukaa ndani siku arobaini, ikafa. Mtoto akishachomwa sindano alizungushwa nyumba kwa nyumba hadi kidonda cha mkononi kikauke, na mwenye maziwa katika nyumba ile ndiye aliyemnyonyesha.

Mwanakombo, aliyejifungua karibuni, angenung'unikaje zamu ya mwanawe ilipofika? Mama yake mzazi alisimama tena kwa miguu yake kwa sababu ya mtoto wa watu.

Kidonda cha bintiye, Raiyana, kilipogeuka kovu, majirani walimrudisha kwa vigelegele. Mtaa mzima hakuna aliyekohoa. Mwanakombo alimbeba, akambembeleza, akamwimbia. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Akiwa hajui ashike lipi, Mwanakombo alikimbia naye kwa jirani, Bi Tatu, aliyekuwa na pumu kabla ya kumpakata Raiyana. Bi Tatu alimpokea tu, kilio kikakatika.

"Mwanangu ana nini, Bi Tatu?"

Bi Tatu alivuta pumzi ndefu, safi, isiyokoroma.

"Hana kitu, mwanangu. Ni vile hajakuzoea."