Dirisha la Kupinga Faini

Karatasi ya faini ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

"Mjomba, hapa hakuna kitu," Haslinda alisema nyuma ya kioo, akiigeuza. "Uliiacha juani?"

"Ilikuwa juu ya dashibodi," Mansor alijibu. Wino wa mashine zile hauliwezi jua la huku. Siku chache tu ndani ya gari na maandishi yote yamepotea. "Lakini kwenye kompyuta ipo. Askari wenu wa maegesho alipiga picha. Nataka kuiona."

Alisema kwa sauti ya chini. Foleni ilimbana mgongoni, na aliyemfuata alikuwa mama Rokiah, jirani yake, aliyekuja kulipia leseni ya kibanda chake cha wali. Watu wa Kuala Tembesu tuna masikio marefu, na ya mama Rokiah yanatuzidi sote.

Haslinda aliingiza namba ya gari. "Ipo. Tarehe kumi na nne, asubuhi. Unaikubali au unaipinga?"

"Nataka picha tu."

"Mjomba, hapa si studio." Mtu mmoja kwenye foleni alicheka. "Ukiikubali, unalipa dirisha la tatu, yameisha. Ukiipinga ndiyo tunafungua picha. Chagua."

Mansor aligeuka akatazama mlangoni. Jamaa wa shati la mistari aliyemleta alikuwa palepale, kaegemea nguzo, anakunywa chai ya barafu kwa mrija. Alimwonyesha Mansor saa yake ya mkononi.

"Naipinga."

"Sababu?"

Hapo alikwama, kwa sababu hakuwa nayo. Asubuhi ile alikuwa mjini kweli, amekuja kununua chakula cha kambale. Alitoka dukani na gunia begani, akamkuta askari anachomeka karatasi kwenye waipa. Alimfokea, akapunga mkono mbele ya simu yake wakati uleule inapiga picha. Kwa hiyo na yeye yumo pichani, mdomo wazi kama kichaa. Siku ile aliona aibu. Jana, baada ya sala, aliomba dua uso wake uwe umetoka vizuri.

"Sababu, mjomba. Bila sababu kompyuta hainipeleki mbele."

Angeweza kusema ukweli, tena kwa maneno machache. Lakini alisikia pumzi za mama Rokiah shingoni, na ukweli ule ukishaingia katika masikio hayo, ungefika msikitini kabla yake.

"Andika gari halikuwa mjini."

"Lilikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na wewe?"

"Na mimi nyumbani."

Haslinda alichapa, akapitisha nakala mbili za maelezo hayo chini ya kioo. Mansor alitia sahihi zote bila kusoma, macho yake kwenye kompyuta.

"Haya, fungua sasa."

"Subiri kidogo. Gari lenyewe umekuja nalo?"

"Limeshikiliwa."

"Limeshikiliwa na benki?"

Mansor alitupa jicho mlangoni tena. Mama Rokiah alishindwa kujizuia, akasogea mpaka kwenye kioo.

"We binti, hata haya huna? Huyu kamzika mkewe juzi Ijumaa! Kamkuta ndani ya bwawa la kambale, hapohapo nyumbani kwao, tarehe hiyohiyo kumi na nne unayoisoma. Mtu ana msiba, nyie mnamdai maegesho!"

Haslinda alitazama tarehe, akamtazama Mansor, na macho yakamlowa. Huruma ya watu wetu haina breki, ikishaanza kuteremka hakuna wa kuizuia.

"Pole sana, mjomba. Mbona hukusema?"

"Picha," Mansor alisema. "Nifungulie picha, mwanangu."

"Ya nini tena? Nakuamini." Alibonyeza mara moja, kisha mara ya pili. "Nimeifuta. Faini, picha, kila kitu. Hata mkurugenzi mwenyewe akija leo, hairudi. Hakuna atakayekusumbua tena."

Mansor alikipiga kioo kwa kiganja. "Irudishe! Irudishe, nitalipa! Nitalipa hata mara kumi!"

"Ni msiba huo," mtu mmoja alinong'ona. "Unamchanganya."

Mama Rokiah alimshika bega taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa, akambembeleza akae. Hakukaa. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakumwonea uchungu. Haslinda alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akagonga mhuri kwenye nakala moja na kumpitishia.

"Hii ni yako. Nenda kapumzike, mjomba."

Jamaa wa shati la mistari alikuwa ameshafika. Aliichukua ile nakala mkononi mwa Mansor, akaisoma polepole mpaka kwenye sahihi, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Siku tano nzima unaniapia kwamba wakati mkeo anauawa asubuhi ile wewe ulikuwa mjini," alisema, mkono wake ukitafuta pingu chini ya shati. "Na mimi, mzee Mansor, nilikuwa nimeshaanza kukuamini."