Mtindi wa Wifi

Kila Ijumaa Kibibi alimletea kaka yake kibuyu cha mtindi, na kila Ijumaa Sudi alikunywa, akalamba midomo na kusema, "Kama wa mama!" Mkewe Mwanatumu, aliyempikia wiki nzima, hakuambulia hata neno.

Ijumaa hii Kibibi alimtuma mtoto na kibuyu, kikafika Sudi hayupo. Mwanatumu aliumimina mtindi wote kwenye unga, akaukanda kwa ngumi kana kwamba anampiga mtu.

Maandazi yalitoka yamevimba, laini kama pamba. Sudi aliporudi aliulizia mtindi, akaambiwa haujaletwa. Akauma andazi, akausahau.

"Mke wangu, leo umejipiku!"

Mwanatumu alikuwa bado anainywa sifa ile Kibibi alipobisha hodi.

"Dada, leo umetunyima mtindi!" Sudi alimlaki kwa utani. "Haya, kula andazi la wifi yako ujue ninavyotunzwa."

Kibibi akauma, akatafuna, kisha akasita. Kibuyu chake alikifukiza kwa moshi wa kijinga cha mti aliouchagua mwenyewe, na ladha ya moshi huo aliijua hata ndani ya andazi. Akamtazama Mwanatumu, aliyekuwa ameganda na sahani mkononi.

"Nisamehe, kaka," Kibibi alisema taratibu. "Nilisahau. Lakini kwa mapishi haya, mtindi wangu wa nini?"

Akachagua andazi kubwa, akampa Mwanatumu.

"Kula na wewe, wifi. Hujaonja."

Mwanatumu akauma. Moshi ule ukampanda puani, mtamu kuliko alivyodhani, naye akatafuna, akatafuna, huku Kibibi akisubiri ameze.